Kiapo juu ya Salio

Ndugu zangu, viapo vimekuwa vyepesi mno vinywani mwetu, na siku hizi hakuna mahali vinapotoka kwa wepesi zaidi kuliko kwenye mambo ya simu. Mtu ameweka vocha ya elfu moja asubuhi, adhuhuri anakuta mia mbili. Hajasoma ujumbe hata mmoja, ameshapiga 100 ya huduma kwa wateja, na neno lake la kwanza kwa mhudumu ni kiapo: "Wallahi dada'angu, sijajiunga na kitu." Mwingine atasema, "Haki ya Mungu, sijabonyeza chochote." Huenda anasema kweli. Mara nyingi anasema kweli. Lakini wakati anaapa, yeye mwenyewe hajui kama ni kweli, na hapo ndipo ninapoomba tukae pamoja leo.

Nianze na upande wa haki yetu, kwa sababu makato haya yana dhuluma ya kweli ndani yake, na sitaki mtu adhani nasaha hii imekuja kumtetea mwenye nguvu. Wengi wetu hapa Tanzania hatuletewi bili mwisho wa mwezi. Tunalipa kwanza, ndipo tunatumia. Jambo hilo lina faraja yake, maana hakuna deni la mwisho wa mwezi linalotungoja, lakini lina hatari yake pia: kinachokatwa hukatwa kimyakimya, na hakuna karatasi ya kukaa nayo mezani ukaipitia mstari kwa mstari. Mwenye bili huona anachodaiwa kabla ya kulipa. Sisi hujua kwamba tumelipa baada ya fedha kuondoka.

Tazameni inavyokuwa. Ujumbe unaingia ukikualika kupokea matokeo ya mpira, maneno ya mapenzi, aya ya kila siku, au wimbo wa kuwaburudisha wanaokupigia. Siku tatu za mwanzo ni bure. Unabonyeza 1 upate kuona ni nini, au mtoto aliyeshika simu anabonyeza ili arudi kwenye mchezo wake. Siku ya nne makato yanaanza. Tuseme ni shilingi mia moja kwa siku: hizo ni 3,000 kwa mwezi wa siku thelathini, na zaidi ya 36,000 kwa mwaka, tena kwa mtu ambaye pengine hajawahi kuusikia wimbo huo, kwa kuwa wimbo wa namna hiyo husikiwa na anayepiga, si mwenye simu. Bibi yetu kijijini, aliyenunuliwa laini na mjukuu, anaona tu kwamba vocha haikai. Atalalamika kwa jirani, atanyamaza, mwezi ujao ataweka nyingine.

Aliyeyaandika masharti yale alijua kwamba hayatasomwa. Aliyeweka "Ndiyo" juu kabisa, na namna ya kujitoa chini kabisa ya orodha, alijua anachofanya. Wamo miongoni mwetu wanaofanya kazi hizo. Ni wanetu, ni wadogo zetu, tuliwasomesha kwa taabu na tunajivunia ajira zao. Kwao nasema kwa upendo: mizani ya kupunja imekemewa katika msahafu na katika Biblia, na Kurani ina sura iliyopewa jina la hao wapunjao, Al-Mutaffifin. Dakika na megabaiti ni vipimo kama kibaba na ratili. Kumchukulia mtu shilingi mia kwa ridhaa aliyoitoa bila kujua ni kupunja, hata kama mwanasheria wa ofisi amesema karatasi zimekamilika. Ridhaa ambayo mtu hajui kwamba ameitoa, mbele ya Mungu wetu inaitwaje? Jiulizeni hilo kabla ya kuizindua huduma nyingine ya siku tatu za bure.

Sheria za nchi nazo hazikutuacha ukiwa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyohiyo ikaunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano ili mtumiaji awe na msemaji. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, na mwaka 2018 kanuni za kumlinda mtumiaji. Mwaka 2021, kelele za vifurushi zilipopanda, zilitolewa kanuni ndogo zilizotaka mteja ajulishwe matumizi ya kifurushi yanapofika asilimia 75 na yanapofika 100, na kifurushi kikiisha, asiendelee kukatwa salio kwa bei ya kawaida bila kukubali mwenyewe. Kwa hiyo anayedai hajavunja adabu, wala hajamkosea mtu. Anaulizia kitu ambacho nchi yake imeshamwahidi.

Nimesema hivyo kwa sababu iko tabia nyingine kati yetu, na hii huvaa nguo za uungwana. "Achana nayo, ni shilingi hamsini tu." "Nitabishana na kampuni mimi?" Tunaona ni ustaarabu kunyamaza, na kweli kuna kunyamaza kulikojaa staha. Lakini fedha hizi za hamsini hamsini hazikusanywi kwako peke yako. Wewe unayesoma gazeti, unayeweza kupiga 100 ukaeleza jambo likaeleweka, ukinyamaza unamwachia yule bibi mzigo ambao hana nguvu ya kuutua. Anayejua kusoma akinyamaza, asiyejua hana atakayemsemea. Hata dini zetu hazikutufundisha kusamehe haki ya mwenzako. Zimetufundisha kusamehe ya kwako.

Basi tudai. Ila swali langu ni hili: tunadai tukiwa tumesimama juu ya nini?

Malalamiko ni ushahidi. Ukisema "sijajiunga", umetoa ushahidi juu ya jambo lililotokea, kama vile ungesimama mbele ya kadhi au hakimu. Na shahidi mwaminifu husema alichokiona na kunyamazia asichokijua. Ni wangapi kati yetu hufanya hivyo? Kabla ya kupiga, fungua ujumbe wako wa siku zile. Mara nyingi taarifa ya kujiunga ipo, imefunikwa na matangazo. Fungua mipangilio ya simu uone matumizi ya data. Simu yenyewe huhesabu kila programu imekula kiasi gani, na mara nyingine utakuta "MB zilizoibiwa" zimekwenda kwenye video za makundi ya WhatsApp zilizojipakua usiku, au kwenye programu zilizojisasisha. Kama ulikuwa Namanga, Holili, Sirari au Tunduma, angalia isije kuwa simu ilishika mtandao wa nchi jirani, ukatozwa kama uliyesafiri. Uliza nyumbani pia, na uulize kwa upole. Mtoto akiulizwa "nani kaibonyeza simu yangu?" kwa sauti ya kutafuta wa kupiga, atasema si yeye, na hapo utakuwa umemfundisha uongo kwa ajili ya salio.

Na kuna jambo la aibu ambalo lazima tuliseme, hata kama linachoma. Wako wanaokana kwa sababu wanachokikana kinawafedhehesha. Baba amejiunga na bahati nasibu ya kwenye simu, au na huduma ya maneno ya mapenzi ya usiku, na mkewe ameuliza kwa nini elfu mbili za umeme hazipo. Anapiga huduma kwa wateja, anaweka simu kwenye spika ili nyumba nzima isikie, na anamgombeza binti aliye upande wa pili: "Mmenikatia hela yangu!" Yule binti anaona kwenye kioo cha kompyuta yake tarehe, saa, na namba iliyobonyezwa. Anajua. Kwa kuchunga siri ya mteja, na kwa malezi yake mema, anasema, "Samahani baba, tutalifuatilia." Mzee huyo amejistiri mbele ya mkewe kwa kumvua heshima mtoto wa mtu. Ndugu zangu, aibu tumepewa ili ituzuie tusitende, na kama tumeshatenda, ituelekeze kwenye toba. Tukiitumia kuficha, inageuka kuwa mlango wa dhuluma nyingine.

Tukumbuke pia kwamba si kila anayetushikia fedha ndiye aliyezikata. Tarehe 15 Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza, watu walikwenda kwa mawakala wakiwa wamekasirika, na matusi waliyamwaga kwenye vile vibanda vya mtaani. Kijana wa kibanda hakupanga tozo ile. Ilipitishwa na Bunge, na baadaye Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Aliyetaka kuipinga alikuwa na mbunge wake, alikuwa na magazeti. Matusi kwa wakala hayakumrudishia mtu senti. Mhudumu wa simu naye yuko vivyo hivyo: bei hakuipanga yeye, na anapokea simu moja baada ya nyingine kutoka kwa watu tuliowalea sisi.

Lipo pia suala la mikopo midogo. Umeishiwa usiku, umekopa salio, au umekamilisha malipo kwa mkopo wa simu wa Songesha kwa sababu fedha haikutosha. Kesho unaweka fedha, deni linakatwa kwanza, na ada yake. Hapo tunapiga kelele kwamba tumeibiwa. Jirani zetu wa Kenya wanaokopa salio kwa Okoa Jahazi hulipa asilimia 10 ya walichokopa. Anayekopa shilingi 100 hupokea 90. Mtu anaweza kusema ada hizo ni kubwa, na hoja hiyo ina uzito wake, wala sitaipinga. Lakini kusema ada ni kubwa ni jambo moja, na kusema "sikukopa" ni jambo jingine kabisa. Hoja ya kwanza ni ya mtu huru anayejadili bei. Ya pili ni kukana deni, na tangu tukiwa watoto tumefundishwa deni ni nini. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: laini ikilemewa na deni la mia tano au elfu mbili, wanaitupa na kusajili nyingine. Namba ile ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine, na yule asiyehusika ndiye anayeanza kupokea simu na ujumbe wa watu wanaomtafuta aliyekimbia. Mtu anaitupa laini, deni anamwachia mtu ambaye hajawahi hata kumwona.

Sasa nifike kwenye lile linaloniumiza kuliko yote, kwa maana hapa malalamiko yenyewe yamegeuzwa kuwa kisu.

Mnunuzi anaingia dukani. Anachukua mchele, sukari, mafuta ya kupikia. Analipa kwa simu kwenye namba binafsi ya mwenye duka, ujumbe unaingia, wanaagana vizuri. Akifika kwenye kona anapiga huduma kwa wateja: "Nimekosea namba, naomba mnirudishie muamala wangu." Utaratibu wa kurudisha muamala uliwekwa kwa ajili ya mama aliyekosea tarakimu moja akatuma ada ya mtoto kwa mtu asiyemjua. Uliwekwa kwa huruma. Huyu anautumia kula mali ya mwenye duka, na pengine hata hajioni kuwa ni mwizi, kwa sababu hakuvunja mlango wala hakushika panga. Amesema maneno machache tu kwenye simu. Mwenye duka anakuja kugundua jioni kwamba fedha zimeshikiliwa, na mchele umeshapikwa.

Nimesikia vijana wakisimulia haya kwa majivuno, kama ujanja wa mjini, na wakubwa waliokaa pale wakacheka. Sisi wakubwa ndio tuliokosea zaidi kwa kile kicheko. Kijana akisifiwa mara moja kwa uongo uliomletea elfu kumi, ameshapata mwalimu.

Hebu fuatilieni mnachokizaa. Wenye maduka wengine sasa hawataki kulipwa kwa simu na mgeni. Wengine fedha ikiingia hukimbilia kwa wakala kuitoa mbele ya mteja, na kulipia makato ambayo yasingekuwapo. Mhudumu wa kampuni naye, akishadanganywa mara nyingi, anamsikiliza kila mtu kwa shaka. Ndipo anapopiga yule mama wa ada ya shule. Analia kweli, amekosea kweli, na dakika zinahesabika kabla aliyepokea hajazitoa fedha hizo. Anaulizwa maswali kama mshitakiwa. Anayemhoji ana haki ya kushuku, lakini shaka hiyo imepandwa na sisi. Kila uongo unaosemwa kwenye 100 unalipiwa na msema kweli atakayepiga baada yako. Na yule anayepokea fedha iliyokosewa njia, akazima simu na kukimbilia kuitoa kabla haijaombwa, huyo simwachi nje: amekula sahani moja na yule mnunuzi wa dukani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunadaije? Tuseme tunachokijua, tukiri tusichokijua. Badala ya kuapa, sema hivi: "Nimeona makato ya kiasi hiki, tarehe hii, saa hii. Sikumbuki kujiunga na huduma hii. Naomba mnieleze nilijiunga lini, na kwa njia gani, na mniondoe kuanzia leo." Hakuna uongo hapo, na hakuna unyonge. Wenye kumbukumbu ni wao. Ukiomba waonyeshe ridhaa yako iko wapi, umewarudishia mzigo ambao ni wao wapaswao kuubeba. Anayeapa bila kuthibitisha hupoteza nguvu mara kiapo chake kinapoonekana kimekosea. Anayeuliza kwa ukweli hana cha kupoteza. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko, iandike pamoja na tarehe na jina la mhudumu. Usifute ujumbe. Ukiahidiwa majibu kesho, subiri kesho, kisha piga tena kwa sauti ileile. Kampuni ikishindwa kukutatulia, ndipo unapeleka lalamiko TCRA ukiwa na maandishi yako mkononi, na Baraza la Ushauri lipo kwa ajili ya kukuonyesha njia.

Ukihisi kuna mkono wa mtu mwingine, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa. Wapo waliokuta namba wasizozijua zikitumia majina yao. Ujumbe wa matapeli, ule wa "ile hela itume kwenye namba hii", uupeleke 15040. Hili ni la dakika moja, na linamlinda usiyemjua.

Na mwenye uwezo wa kusoma, mara moja kwa mwezi, keti na mama yako au jirani yako mzee, umuombe ruhusa ya kuangalia simu yake. Usiinyakue. Mwonyeshe amejiunga na nini, muulize kama anaitaka aya ile ya kila siku. Wako watakaosema ndiyo, wanaipenda, na shilingi mia ile wameikubali. Usiwatoe kwa nguvu kwa sababu wewe huioni faida yake. Wasiotaka, wasaidie kujitoa, na kama kuna la kudai, piga simu kwa niaba yao wakiwa wamekaa kando yako, ili maneno yawe yao na wewe uwe mkalimani tu.

Limebaki jambo la mwisho. Hutokea kwamba umelalamika, umerudishiwa, na wiki ijayo kijana wako anakuja kukwambia kwa sauti ndogo kwamba ni yeye aliyebonyeza. Au kampuni kwa haraka zake imekurudishia mara mbili. Hakuna atakayejua. Mhudumu uliyezungumza naye ameshasahau jina lako, na kampuni haitaanguka kwa shilingi mia nane. Piga 100 hata hivyo. Toa namba yako ya kumbukumbu, eleza ulichokigundua, waache waamue kama watazichukua au watakuachia. Na kijana wako aliyekuja kukwambia, mkalishe karibu nawe wakati unaipiga simu hiyo, umshukuru mbele ya mama yake kwa kusema.